Yaachwe Yalivyo, Lakini Yalivyo Lini?

Ukitaka kuanzisha ubishi miongoni mwa watu wanaopenda mambo ya kale, pendekeza kitu kidogo tu: kwamba pawekwe njia ya kiti cha magurudumu ndani ya magofu. Wale wale ambao dakika tano zilizopita walikuwa wakilalamika kwamba vijana hawajali historia yao watakurukia. Eti utaharibu. Eti mahali pa kale pana heshima yake. Eti mwacha mila ni mtumwa. Mwishowe watakupa lile jibu linaloonekana kumaliza kila kitu: yaachwe yalivyo.

Nimelisikia jibu hilo mara nyingi hadi nikaamua kulichukulia kwa uzito, kwa sababu halina upuuzi. Gofu likibomoka halijengwi upya. Ukilijenga upya umepata jengo jipya lenye jina la zamani. Na sisi katika nchi hii tumezoea kuamka asubuhi tukakuta nyumba ya miaka mia imegeuka maegesho ya magari. Anayesema yaachwe yalivyo anaogopa kitu cha kweli. Mimi nina swali moja tu kwake: yalivyo lini?

Tuanze na Gede, pale Kilifi, karibu na Watamu. Mji huu wa Waswahili ulistawi kwa karne kadhaa, ukawa na msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na nyumba za mawe ya matumbawe. Mwanzoni mwa karne ya 17 wenyewe wakawa wameuhama, na msitu ukaingia. Kwa zaidi ya miaka 300 mizizi ilipanda kuta na majani yakafunika sakafu. Kwa hivyo "yalivyo" ya Gede, tukisema kweli, ni kichaka ambacho wewe na mimi tusingepenya. Ni James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948 na kuendelea kwa takriban miaka 10, aliyefyeka, akafukua, akaimarisha kuta zilizotaka kuanguka. Nyumba akazipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Waliokaa humo wangeshangaa kusikia majina hayo. Vijia tunavyopita leo tukipiga selfi, mageti, vibao vya maelezo, vyote ni kazi ya watu wa juzi. Julai 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichoingizwa ni mji wa kale, ndiyo, lakini ni mji uliokwisha kuandaliwa kupokea mgeni. Mgeni mwenye miguu miwili inayomtii.

Nenda Fort Jesus, Mombasa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela, hadi 1958, kisha 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ipi kati ya hizo ndiyo Fort Jesus halisi? Ya mizinga, ya wafungwa, au ya wanafunzi wa shule waliovaa sare wakipanga foleni? Na bahari ilipozidi kuula mwamba ulio chini ya ngome, ukuta mpya wa kuzuia mawimbi ulijengwa. Hapo hatukusema yaachwe yalivyo. Tulijua kwamba jengo likianguka hakuna kitakachobaki cha kuhifadhi, basi tukakubali kuongeza kitu kipya ili kitu cha kale kiendelee kuishi.

Mfano ulionifungua macho zaidi uko mbali, Athens. Mwaka 2020 Wagiriki waliweka lifti mpya kwenye mwamba wa Acropolis na kumwaga njia za saruji juu yake, ili watu wenye ulemavu wafike kwenye mahekalu. Makelele yalikuwa mengi, na baadhi yake yalikuwa na msingi. Wapo waliouliza kama njia pana namna ile kweli ni za viti vya magurudumu, au ni za makundi makubwa ya watalii, huku mlemavu akitumiwa kama kisingizio. Ni swali zuri, tulikumbuke. Lakini kuna jambo ambalo husahaulika katika ubishi ule. Karne ya 5 kabla ya Kristo, njia ya kupanda Acropolis ilikuwa mteremko mpana, ambao hata wanyama wa kafara waliupanda. Ngazi zilikuja baadaye, enzi za Warumi. Yaani anayetetea ngazi kwa jina la uasili anatetea mabadiliko ya zamani dhidi ya mabadiliko ya leo.

Si hayo tu. Mwaka 2020 huo huo mtafiti Debby Sneed alichapisha makala kuhusu mahekalu ya tiba ya Wagiriki wa kale, mahali ambapo wagonjwa walikwenda kumwomba mungu Asclepius awaponye. Pale Epidaurus, ukarabati wa karne ya 4 kabla ya Kristo uliacha njia za mteremko 11 za mawe. Hoja ya Sneed ni kwamba miteremko ilikuwa mingi zaidi mahali walipokwenda watu wasioweza kutembea vizuri, na kwamba hiyo haikutokea kwa bahati. Unaweza kubishana naye kuhusu nia ya wajenzi, maana nia haichimbuliki kwa sururu. Mawe yenyewe lakini yapo.

Kwa hivyo tuache kujidanganya. Kila gofu linalokata tiketi limekwisha kubadilishwa. Mtu alikaa chini akamfikiria mgeni: atashukia wapi, atapita wapi, atasoma nini, atakwenda haja wapi. Kabla hajaweka jiwe lolote, alikuwa na mwili fulani akilini. Ubishi wetu wote unahusu mwili huo ulikuwa wa nani.

Mwaka juzi nilikwenda na binamu yangu kwenye mojawapo ya magofu ya Pwani, ambayo sitayataja. Yeye anatumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya barabarani akiwa kidato cha tatu, na kati yetu wawili ndiye msomaji wa historia. Mimi huwa naandamana naye tu. Tukakata tiketi mbili. Hatua chache baada ya geti tukakutana na ngazi saba. Nilizihesabu. Zilikuwa ngazi za saruji, na pembeni mwa moja kulikuwa na alama ya kiatu cha fundi aliyekanyaga kabla haijakauka. Kijana wa pale, mpole kabisa, akamwambia, "Kaka, usijali, vijana wapo, tutakubeba." Binamu yangu akamshukuru, kisha akasema, "Lakini, kaka, kinachobebwa ni mzigo."

Yule kijana hakuelewa, na simlaumu. Kwetu kumbeba mtu ni wema. Mama hubeba mtoto, tunabeba wazee wetu kuwapeleka hospitalini, tunabeba jeneza la jirani hata kama hatukuwa tunasalimiana. Ukikataa kubebwa unaonekana una maringo. Lakini fikiria kubebwa na wanaume wanne usiowajua, mbele ya watalii wanaopiga picha, mkono wa mmoja ukiwa chini ya paja lako, mwingine akipiga kelele "shika vizuri huyo!" Fikiria ukitaka kusimama dakika kumi kutazama kidaka kimoja ukutani, huku waliokubeba wanatokwa jasho na kukuangalia umalize. Utasema umeona, twende. Hapo ndipo tofauti ilipo. Aliyebebwa hufika. Aliyepewa njia hufika, hukaa, huzubaa, hurudi nyuma kutazama tena, huchoka kwa wakati wake mwenyewe. Kuzurura magofuni ndiyo raha yenyewe, na hakuna anayeweza kuzurura mabegani mwa mtu.

Na zile ngazi saba hazikuwa za kale. Hazikujengwa na Mswahili wa karne ya 15, wala na Mreno. Zilijengwa na mtu aliyekuwa na simu mfukoni. Saruji ile ile, pesa zile zile, fundi yule yule, zingeweza kuwa mteremko. Hakuna jiwe hata moja la kihistoria lililomzuia binamu yangu.

Lakini wacha nisichague mfano mwepesi peke yake. Kuna mahali ambapo kizuizi ndicho historia yenyewe. Ngome ilijengwa ili watu wasiingie. Kule Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kuta zinazompita mtu kwa urefu, ambalo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2018. Malango yake ni membamba na ya chini, na ubaya wa kupitika ndio uliokuwa ulinzi wake: anayeingia huinama, na anayeinama hawezi kushambulia. Ukipanua lango lile ili kiti kipite, umeua kitu kilichokuleta pale. Lamu nako, vichochoro vilivyotengenezwa kwa mtu na punda haviwezi kupanuliwa pasipo kubomoa mji ambao watu bado wanauishi.

Hapa nakubaliana na wahifadhi, bila kinyongo. Lango lisiguswe. Kichochoro kisiguswe. Lakini angalia tofauti iliyopo kati ya lango la Thimlich Ohinga na zile ngazi saba. Kizuizi cha kale ni historia. Kizuizi cha juzi ni uamuzi. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akifika hadi kwenye lango lile, akaligusa, akaelezwa lilivyofanya kazi, huenda akalielewa kuliko sisi tunaoinama na kupita tukicheka. Yeye anajua maana ya mlango uliotengenezwa usikupitishe. Ila afike hapo langoni kwanza. Njia ya kutoka barabarani hadi langoni haikuwekwa na mashujaa wa kale. Hiyo ni yetu.

Tena tumezoea kusema "ulemavu" tukimaanisha magurudumu peke yake. Chukua kile kibao kinachopatikana kila mahali: USIGUSE. Kwa mtu anayeona, maana yake ni tazama tu. Kwa asiyeona, maana yake ni usitazame. Na sababu ya kibao ni ya haki, maana chokaa ya miaka 500 hailiki kwa jino, inalika kwa vidole laki moja vyenye jasho. Sasa tufanyeje? Kule Madrid, shirika la wasioona la Uhispania lina makumbusho yenye sanamu ndogo za majengo mashuhuri, zilizotengenezwa ili mgeni aziguse kwa mikono miwili. Mfano mdogo wa msikiti wa Gede, uliochongwa na fundi wetu, ukawekwa mezani pale getini, haugusi hata punje ya msikiti wenyewe. Kipande cha tumbawe la kawaida kando yake, mtu aishike mikwaruzo yake. Hata anayeona angenufaika, maana wengi wetu hutoka Gede bila kujua mji ulikaaje.

Viziwi nao. Katiba yetu inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Mbunge anaweza kutafsiriwa hotuba kuhusu utalii, halafu mpiga kura wake kiziwi akaenda magofuni akakuta mwongozaji anayezungumza lugha nne na hana ishara hata moja. Kumfundisha mwongozaji mmoja ishara hakuhitaji saruji wala kibali cha UNESCO.

Sheria zipo, hilo tusilizungushe. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja waziwazi minara na maeneo yenye umuhimu wa kitamaduni kwa taifa, ila unaongeza kwamba yafikike kadiri inavyowezekana. Maneno hayo ni mlango mpana sana. Kila ofisi inaweza kujificha nyuma yake, kwa sababu haiwezekani huwa ndilo jibu la kwanza la mtu ambaye hajajaribu.

Halafu huja swali la pesa, na mwenziwe wa siku zote: kwani wako wangapi? Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu, takriban watu laki 9. Hapo bado hujaongeza nyanya mwenye magoti, mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na beshte yako aliyevunjika mguu kwenye mechi ya Jumapili. Hoja hii ni ya kweli, lakini mimi naiogopa kidogo. Ukimtetea mtu kwa kusema wako wengi, umekubali kwamba wangekuwa wachache wangestahili kubaki nje. Haki ya mrithi haihesabiwi kwa wingi wa ndugu zake. Na isitoshe, geti lisiloingilika huzaa takwimu zake lenyewe: hawaji, kwa hivyo hatujengi, hatujengi, kwa hivyo hawaji.

Wapenzi wa teknolojia wana jibu lao. Siku hizi gofu linaweza kupigwa picha kila upande likawa ndani ya miwani ya kompyuta. Mlemavu akae nyumbani, alitembelee akiwa sebuleni. Sina ugomvi na miwani. Lakini nina kipimo changu: kama sebule inatosha kwake, mbona wewe ulipanda basi usiku kucha kutoka Nairobi? Ulitaka ule ubaridi wa msitu wa Gede, nyani wakirukaruka juu ya kuta, ile dakika ambayo unasimama katika chumba cha mtu aliyekufa miaka 600 iliyopita na kelele za dunia yako zinanyamaza. Usimpe mwenzako kwa jina la msaada kitu ambacho wewe ungekikataa.

Kuna mifupa iliyopatikana Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, katika miaka ya 1970. Nambari yake makavazini ni KNM-ER 1808. Inadhaniwa kuwa ya mwanamke wa jamii ya Homo erectus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa ya miguu na mikono yake imefunikwa na tabaka la mfupa mpya usio wa kawaida. Ugonjwa wenyewe bado unabishaniwa. Maelezo yanayojulikana zaidi ni sumu ya vitamini A, labda kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Lakini tabaka kama lile huchukua muda kujengeka, na mtu mwenye maumivu ya namna ile hatembei kwenda kutafuta maji. Ndiyo maana baadhi ya wachunguzi walisema, huenda kuna mtu aliyemletea.

Ninaipenda habari hii, hata nikijua haina uhakika wote, kwa sababu inabadilisha picha ya nani alikuwemo. Tukisema "watu wa kale" huwa tunawaona wote wamesimama wima, wenye misuli, wakiwinda au wakijenga. Lakini Gede ilikuwa na watu wazima na wagonjwa kama mtaa wowote. Ilikuwa na kiwete wake, na kiziwi wake, na mzee asiyeona aliyeujua msikiti kwa vidole. Nao walipita katika vizingiti vile, kwa namna yao. Tukiwaambia warithi wa watu hao kwamba mahali hapa si pa miili ya aina yao, tunasema uongo kuhusu mahali penyewe. Hilo nalo ni kuharibu kumbukumbu, hata kama hakuna jiwe lililosogea.

Basi kifanyike nini? Mimi si mhandisi, lakini utaratibu wa kimaadili hauhitaji uhandisi mkubwa. Kwanza tutengeneze vile visivyogusa kale hata kidogo: maegesho, geti, choo, benchi la kupumzikia, njia ya nje, vibao, mifano ya kugusa, mwongozaji wa ishara. Hapo hakuna ubishi wa uhifadhi. Kuna uvivu tu. Pili, ndani ya gofu tuweke vitu vinavyokaa juu bila kung'ata, kama njia za mbao zinazoweza kuondolewa kesho pasipo kuacha kovu. Tatu, pale ambapo haiwezekani kweli, tusifanye, na tuseme mapema. Iandikwe kwenye dirisha la tiketi na mtandaoni: sehemu hii inafikika, ile haifikiki, sababu ni hii. Mtu mzima akiambiwa ukweli anajiamulia. Anayedhulumiwa ni yule anayeugundua ukweli baada ya kulipa. Na kabla ya yote, anayepanga njia hiyo aipange na watu watakaoipita, ili lile swali la Athens, kwamba njia hii hasa ni ya nani, lijibiwe na wenyewe.

Waswahili husema hujafa hujaumbika. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumtisha anayemcheka mlemavu: ngoja, zamu yako yaja. Ni kweli, yaja, kwa njia ya ajali au ya uzee. Lakini nimeanza kuisikia kwa upande mwingine. Magofu nayo hayajafa. Yaliumbwa na wajenzi wake, yakaumbwa na msitu, yakaumbwa na wachimbaji, na kila msimu wa mvua huyaumba tena. Bado yanaumbika, na zamu hii mikono ni yetu.